Biashara ya mutu mumoja: namna ya kufunga hesabu ya mwaka

Muuzaji wa ndagala kule Zongwe anaweza kuuza vizuri huku anakula mtaji. Kongo iko katika OHADA tangu 2012. Kanuni zake za hesabu, zinazotumika toka 2018, zinaruhusu biashara ndogo kutumia kaye ya feza zinazoingia na zinazotoka.

Mwisho wa mwaka zinatoka karatasi mbili kubwa. Ya kwanza, faida ao hasara. Mfano: mauzo franka 9.000.000, ununuzi na usafiri 7.000.000, faida 2.000.000, stoki ao madeni yakibadilika, hesabu inarekebishwa. Ya pili, mali: upande mumoja stoki, feza na deni za wateja, upande mwingine mtaji na deni za kulipa.

Feza ya nyumbani inaandikwa peke yake. Ikifika 2.500.000, mtaji umepunguka 500.000.