Mzigo kutoka Kariakoo

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, bidhaa za pwani zikaanza kutufikia kwa mabehewa. Miaka mingi baadaye, mnadani Msalato hapa Dodoma, mama alikagua kitenge upande hadi upande, akapatana bei, ndipo akatoa hela. Kitenge cha Dar es Salaam tulimwagiza ndugu anayesafiri.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, hela ikaanza kutangulia mzigo. Leo naagiza viatu Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kuona picha kwenye simu, navipokea stendi ya Nanenane hapa Dodoma. Muuzaji mmoja alinitumia namba 37 badala ya 39, akagoma kubadilisha.

Wauzaji, andikeni vipimo, wekeni picha halisi, kubalini mzigo unaorudishwa. Mteja asiyeweza kushika bidhaa anastahili kuambiwa ukweli wote.