Nani Mwenye Jukwaa? Wanawake na Madai ya Usawa katika Sanaa za Maonyesho Kampala tangu 1945

Chuo cha Makerere kilipowapokea wanafunzi wake sita wa kwanza wa kike mwaka 1945, wito wake rasmi ulikuwa bado ni “Tuwe Wanaume”. Ilibidi wito huo ubadilishwe, na ule uliochukua nafasi yake, unaohusu kujenga kwa ajili ya siku zijazo, ndio unaotumika hadi leo. Tukio hilo lina uzito katika historia ya tamthilia kwa sababu Makerere ndiko walikolelewa karibu wanawake wote ambao majina yao yanatajwa zinaposimuliwa habari za jukwaa la Kampala. Makala haya yanachunguza madai ya usawa ya wanawake hao na kushikilia kwamba mgogoro mkuu haukuwa ruhusa ya kupanda jukwaani. Ruhusa hiyo ilipatikana mapema kiasi. Kilichogombewa kwa muda mrefu zaidi ni haki ya kuandika, kuelekeza na kumiliki.

Ni kosa kudhani kwamba ukoloni ulikuta sanaa isiyobagua jinsia. Sylvia Nannyonga-Tamusuza, katika utafiti wake wa mwaka 2005 kuhusu baakisimba, anaonyesha jinsi Waganda walivyogawanya maonyesho hayo: ngoma za kupigwa zilihesabiwa kuwa za wanaume, na uchezaji ukahusishwa na uanauke. Mwanamke alionekana na kushangiliwa, lakini aliyeshika mdundo alikuwa mwanamume. Mgawanyo huo haukufa pale tamthilia ya maneno ilipoingia mjini. Ulihamia humo.

Mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi aliunda African Artists Association, kundi linalohesabiwa kuwa la kwanza la kitaalamu la Waafrika nchini. Katika mazingira ya wakati ule, binti aliyefanya mazoezi na wanaume usiku alihatarisha heshima yake na ya wazazi wake, na mara nyingi nafasi za kike ziliigizwa na wanaume. Ukumbi wa Taifa ulipofunguliwa mwaka 1959 ratiba yake ilitawaliwa kwanza na vikundi vya Wazungu na Waasia. Mwanamke Mwafrika alikuta milango miwili imefungwa, mmoja wa rangi na mwingine wa jinsia.

Mlango wa chuo ulifunguka kwanza. Elvania Namukwaya Zirimu aliandika Keeping Up with the Mukasas mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye akaanzisha kundi lake mwenyewe, Ngoma Players. Jambo hili la pili hutajwa kwa haraka mno katika maandishi mengi, ilhali ndilo lenye maana kubwa zaidi kihistoria: mwanamke alikuwa mtunzi na mwenye kundi kwa wakati mmoja. When the Hunchback Made Rain ilitoka mwaka 1975, wakati wa utawala wa Idi Amin. Zirimu alifariki katika ajali ya gari mwaka 1979 akiwa ameteuliwa kuiwakilisha Uganda nchini Ghana, na pengo aliloacha katika umiliki wa vikundi halikuzibwa upesi.

Kundi la maonyesho ya safari la Makerere, lililoanza mwaka 1965 chini ya David Cook, lilipeleka michezo mitaani na vijijini kwa Kiingereza na kwa lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwa Rose Mbowa. Safari zile zilikuwa na faida ambayo huenda waanzilishi wake hawakuikusudia: wanakijiji walimwona mwanafunzi wa kike akiigiza chini ya jina la chuo kikuu, na jina hilo lilimkinga dhidi ya tuhuma zilizowaandama waigizaji wengine.

Miaka ya Amin ilirudisha hatari. Amri ya mwaka 1972 iliyoharamisha mavazi mafupi ilifanya mwili wa mwanamke kuwa suala la polisi, na usalama wa barabarani usiku ulipotoweka, mazoezi ya jioni yakawa mzigo mzito zaidi kwa wanawake. Robert Serumaga alilazimika kukimbilia ughaibuni. Byron Kawadwa aliuawa mwaka 1977 baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Historia ya tamthilia ya kipindi hicho imeandikwa zaidi kama historia ya wanaume hao wawili, na ushujaa wao haupingiki. Hata hivyo, vikundi vyao vilikuwa na wanawake walioigiza chini ya tishio lilelile.

Mbowa ndiye aliyegeuza nafasi ya chuoni kuwa mamlaka. Akifundisha katika Idara ya Muziki, Ngoma na Drama, iliyoanzishwa mwaka 1971, na baadaye kuiongoza, aliandaa Mother Uganda and Her Children mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya vita vya msituni kumalizika. Mchezo huo ulizikutanisha ngoma za makabila mbalimbali chini ya mama mmoja. Wapo wanaoweza kusema kwamba kumfanya mwanamke kuwa taifa ni kumrudisha kwenye umama ambao jamii ilikwisha kumpangia. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linasahau nani alikuwa nyuma ya pazia: mtunzi na msimamizi alikuwa mwanamke, na mama wa jukwaani alikuwa akiwakemea wana wanaouana. Katikati ya miaka ya 1990 tamthilia ya Brecht kuhusu mama mchuuzi wa vitani ilichezwa kwa Kiganda katika Ukumbi wa Taifa, Mbowa akiwa mama huyo na Jessica Kaahwa akiwa mwelekezi. Hapa hapakuwa na mama wa taifa tena. Palikuwa na mwanamke anayeishi kwa vita na kupoteza watoto wake kwa vita hivyo hivyo, mbele ya hadhira iliyovijua. Mbowa alifariki mwaka 1999. Mwaka 2011 Kaahwa alipewa jukumu la kuandika ujumbe wa Siku ya Tamthilia Duniani.

Nje ya chuo hali ilikuwa tofauti. Tamthilia ya kibiashara ya Kiganda ilistawi kupitia vikundi kama Ebonies na Bakayimbira Dramactors, na ilitegemea nyota wa kike ili kujaza viti. Lakini katika biashara hiyo mwenye kundi ndiye anayekodi ukumbi, anayeamua mchezo upi uandaliwe na anayegawa mapato ya mlangoni. Waasisi wanaotajwa ni wanaume. Mariam Ndagire, mhitimu wa Makerere aliyeandika, akaigiza na kuanzisha kituo chake cha mafunzo ya filamu na sanaa, anajitokeza kwa sababu njia yake haikuwa ya kawaida.

Ulinganisho na Dar es Salaam unasaidia. Penina Muhando, mwandishi wa Hatia (1972) na Nguzo Mama (1982), aliandika kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa na wachapishaji na shule za kusoma kazi zake. Wenzake wa Kampala waligawanyika kati ya Kiingereza cha chuo na Kiganda cha ukumbini, na michezo mingi ya Kiganda haikuchapishwa. Mwigizaji asipokuwa na andiko linalobaki, jina lake hutoweka pamoja na hadhira yake. Hasara hiyo iliwapata wanaume pia, ila wao walikuwa na jina la kundi la kuwahifadhi.

Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 33, inatambua haki ya wanawake ya kutendewa sawa, na tangu mwaka 1990 vyuo vya umma viliwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili. Hatua hizo ziliongeza wahitimu. Hazikugusa mikopo wala kumbi. Kizazi kilichofuata kilitafuta njia nyingine. Silent Voices ya Judith Adong, kuhusu waathiriwa wa vita vya kaskazini, ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa mwaka 2012. Deborah Asiimwe alishiriki kuanzisha Tamasha la Kimataifa la Tamthilia la Kampala mwaka 2014 na kuwa mkurugenzi wake wa kisanaa, hivyo uamuzi wa tamthilia ipi ionekane ukawa mikononi mwa mwanamke. Tamasha hilo lilizaliwa kwa ushirikiano wa Bayimba na mpango wa Afrika Mashariki wa taasisi ya Sundance ya Marekani. Bajeti ya serikali ya Uganda haikuwa msingi wake.