Wasifu wa Mhalifu si Ushahidi: Mafunzo ya Kesi ya Wimbledon

Utangulizi

Mauaji ya kikatili yanapotokea na muuaji hajulikani, wapelelezi hukabiliwa na swali gumu: waanzie wapi? Tangu shirika la FBI la Marekani lianzishe kitengo chake cha sayansi ya tabia mwaka 1972, polisi wa nchi kadhaa wamekuwa wakitafuta jibu kwa wanasaikolojia. Mtaalamu huchunguza mahali pa tukio, majeraha, saa na namna mhanga alivyofikiwa, kisha hukadiria umri wa muuaji, makazi yake, kazi yake na mwenendo wake. Makadirio hayo ndiyo wasifu wa mhalifu.

Makala hii inatetea hoja moja. Wasifu una kazi halali, nayo ni kuwasaidia wapelelezi kuamua watafute wapi kwanza. Ukigeuzwa kuwa kipimo cha kumtambua mtu fulani kuwa ndiye muuaji, huzaa dhuluma mbili kwa wakati mmoja: humtesa asiye na hatia na humpa muuaji nafasi ya kuua tena.

Kesi ya Wimbledon

Tarehe 15 Julai 1992, Rachel Nickell, mwanamke wa miaka 23, aliuawa kwa kuchomwa kisu mara 49 katika viwanja vya Wimbledon Common, London. Mwanawe, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alikuwa naye. Hakuna mtu mzima aliyeshuhudia mauaji hayo, na vipimo vya kimaabara vya wakati huo havikumtaja yeyote. Polisi wakamwomba mwanasaikolojia Paul Britton awatayarishie wasifu.

Baada ya tangazo la televisheni, watu walipiga simu wakamtaja Colin Stagg, mwanamume mpweke aliyekuwa na mazoea ya kutembeza mbwa wake viwanjani hapo. Polisi waliona kwamba wasifu unamwelekea. Kwa kuwa hawakuwa na ushahidi wa kumfikisha mahakamani, walibuni operesheni iliyoitwa Edzell, kwa ushauri wa mwanasaikolojia yuleyule. Askari kanzu wa kike akajifanya mchumba. Kwa miezi kadhaa alimwandikia Stagg barua, akakutana naye, akamchochea aeleze ndoto za kimapenzi zilizochanganyika na ukatili. Stagg alimwandikia aliyoyataka, maana alitamani sana kupendwa. Hata hivyo, hakukiri kuua. Alikamatwa Agosti 1993, akashtakiwa kwa mauaji.

Septemba 1994 Jaji Ognall alikataa kupokea ushahidi uliotokana na operesheni hiyo. Aliulaani mtego wa polisi kwa maneno makali, na akaonya kwamba ni hatari kutumia wasifu wa kisaikolojia kuthibitisha utambulisho wa mtu. Upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi mwingine wa kutosha, na kesi ikaanguka. Stagg alikuwa amekaa rumande zaidi ya mwaka, na kwa miaka mingi baadaye aliendelea kuonwa na umma kama muuaji aliyeponyoka.

Muuaji alikuwa Robert Napper. Mwaka 1989 mama yake mwenyewe aliwaambia polisi kwamba mwanawe amekiri kubaka. Taarifa hiyo haikufuatiliwa ipasavyo. Mwaka 1992, katika upelelezi wa mfululizo wa ubakaji kusini mashariki mwa London, alitakiwa kutoa sampuli ya damu na hakutokea. Hatimaye akaondolewa katika orodha ya washukiwa kwa sababu alionekana mrefu kuliko maelezo yaliyokuwapo. Novemba 1993, Stagg akiwa rumande, Napper alimuua mama mmoja na bintiye wa miaka minne huko Plumstead, London. Vipimo vipya vya vinasaba vilifumbua fumbo la Wimbledon muongo mmoja baadaye, na tarehe 18 Desemba 2008 Napper alikiri kumuua Nickell, akihesabiwa kuwa na uwajibikaji uliopungua kwa sababu ya hali yake ya akili. Mwaka huohuo Stagg alilipwa fidia ya pauni 706,000.

Kosa la kimantiki

Ni rahisi kuwalaumu watu wachache na kuishia hapo. Lakini kosa la Wimbledon lina mzizi katika mantiki ya wasifu wenyewe. Tukishamjua muuaji, tunaweza kufuatilia maisha yake na kuona upweke, hasira, malezi yaliyovunjika. Kurudi nyuma, yaani kutoka kwenye upweke kwenda kwenye uuaji, hakuwezekani, kwa sababu wapweke ni wengi na wauaji ni wachache. Tuchukulie kwamba mji una wanaume 200,000 wa rika linalotafutwa, na kwamba sifa zilizotajwa katika wasifu hupatikana kwa mmoja kati ya kila 100. Wanaume 2,000 watalingana nao. Ikiwa muuaji ni mmoja wao, waliobaki 1,999 hawana hatia. Kufanana na wasifu peke yake hakumpi mpelelezi sababu ya kumshuku mmoja kuliko mwingine.

Utafiti unaongeza sababu za kuchukua tahadhari. Wachunguzi wa FBI waliwahoji wauaji 36 waliokuwa magerezani na kuwagawa wauaji katika makundi mawili: wenye mpangilio na wasio na mpangilio. Mwaka 2004 mwanasaikolojia David Canter na wenzake waliupima mgawanyo huo kwa kesi za wauaji 100 wa mfululizo wa Marekani, wakakuta hauonekani katika data. Mwaka 2002 Andreas Mokros na Laurence Alison walichunguza wabakaji 100 wa Uingereza, nao hawakupata uthibitisho kwamba waliofanana kwa vitendo walifanana pia kwa umri, kazi au historia ya uhalifu. Katika jaribio jingine, Alison na wenzake waliwapa baadhi ya maofisa wa polisi maelezo ya mhalifu halisi, na wengine maelezo ya mhalifu wa kubuni aliyetofautiana naye kabisa. Wengi katika makundi yote mawili waliuona wasifu uleule kuwa sahihi. Lugha ya wasifu ikiwa na utata, msomaji huijaza kwa mtu aliye tayari akilini mwake.

Mahali pa wasifu

Haya hayamaanishi kwamba fani hii itupwe. Mwaka 1986 Canter alipanga kwenye ramani, kwa mfuatano wa tarehe, mashambulizi ya mbakaji na muuaji aliyevizia karibu na reli za London na viunga vyake. Alikadiria eneo anakoishi na baadhi ya sifa zake. Polisi walikuwa na orodha ndefu ya washukiwa, na makadirio hayo yaliwasaidia kuipanga upya. Jina la John Duffy likapanda juu. Kilichomtia hatiani mwaka 1988, hata hivyo, hakikuwa wasifu wa Canter. Kilikuwa kamba ya aina isiyo ya kawaida iliyopatikana nyumbani kwa wazazi wake, pamoja na nyuzi za nguo na ushahidi wa wahanga. Wasifu ulisema watafute wapi. Ushahidi ulisema nani.

Tofauti hiyo inatuhusu Afrika Mashariki. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania zina asili katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na zinashikilia kanuni kwamba tabia mbaya ya mshtakiwa, kimsingi, si hoja ya kumtia hatiani. Wasifu usiodhibitiwa unaweza kuirudisha tabia hiyo mahakamani kupitia mlango wa nyuma, ikiwa imevikwa joho la sayansi.

Kwa hiyo, polisi wanaotaka kutumia fani hii wawekewe masharti. Wasifu uandikwe na kutiwa saini kabla mtaalamu hajatajiwa mshukiwa yeyote. Kila kadirio lielezwe msingi wake na kiwango cha uhakika wake. Mtaalamu aliyeuandika asipange mahojiano wala mtego. Mshukiwa asiondolewe orodhani kwa sababu tu hafanani nao. Kesi ikimalizika, wasifu ulinganishwe na mtu aliyethibitishwa, na matokeo yachapishwe, hata yakiwa ya aibu. Vyuo vyetu vya polisi na vya sheria vinaweza kufundisha masharti haya sasa, kabla mahabusu wa kwanza hajawekwa rumande kwa sababu ya kufanana na maelezo tu.