Rizki ya Mvua za Kwanza: Uyoga wa Miombo na Waliouchuma

Waandishi wa historia ya chakula katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wamezoea kuyatazama mashamba, maghala na masoko, kwa kuwa nafaka hupimwa kwa pishi, hutozwa ushuru na huandikwa katika daftari. Amma kile kilichochumwa na wanawake chini ya miti, kikaliwa jioni ile ile au kikaanikwa juu ya ungo, hakikuacha hesabu yoyote, na kwa hiyo vitabuni kimepewa mstari mmoja au miwili, na aghalabu mstari huo husema kwamba watu walikuwa na njaa. Uyoga wa misitu ya miombo umedhulumiwa kwa namna hii kuliko vyakula vingi, nami naona insafu yataka tuusimulie upya, si kama dalili ya dhiki, bali kama ilimu.

Misitu hiyo imetanda tangu Tabora na Kigoma mpaka Iringa, Songea na Masasi, ikavuka mipaka kuingia Msumbiji, Malawi, Zambia, Angola na Katanga. Miti yake mikuu, yaani mtundu, muba na jamaa zao, ina tabia ambayo miti mingi ya nchi za joto haina: ncha za mizizi yake huvikwa nyuzi nyembamba za kuvu, na baina ya wawili hao pana mapatano ya siku zote, kuvu ikiutafutia mti maji na madini ya udongo, na mti ukiilipa kuvu sukari iliyotengenezwa na majani. Mvua za Novemba na Desemba zinapoilowesha ardhi iliyokauka tangu Mei, kuvu hiyo hutoa matunda yake juu ya ardhi, na matunda hayo ndiyo uyoga: wa manjano wenye harufu nzuri, wa rangi ya chungwa, mweupe utoao maziwa ukikatwa, na mwekundu ambao yapasa mtu awe na hadhari nao. Wakati huo ghala limekwisha au li karibu kwisha, mahindi na ulezi vingali vichanga, na majirani hawana cha kuazimana. Hivyo msitu hujibu katika miezi ile ile ambayo shamba limenyamaza.

David Livingstone aliyaona haya katika safari yake ya mwisho, msimu wa mvua wa 1866 na 1867, alipokuwa akipita nchi zilizo magharibi ya Ziwa Nyasa hali yeye na wenziwe wamedhoofika kwa njaa. Katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874, aliandika majina ya aina tano za uyoga kama alivyoyasikia kwa wenyeji, akaeleza kwamba mmojawapo, mweupe wenye wekundu wa kahawia katikati, hufikia upana wa kilele cha kofia ya mtu na ni mzuri ukichomwa, na kwamba watu wale huchagua aina tano au sita na kukataa kumi au zaidi. Aliona pia, na hapa namsifu, kwamba yalihitajika majaribio si haba hata kuupambanua mwema na mwenye madhara. Wengi waliofuata baada yake waliiona njaa, maarifa wasiyaone. Audrey Richards alifanya tafauti: katika kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya kazi na chakula cha Wabemba aliuweka uyoga mahali pake katika mwaka wa chakula, akaonyesha kwamba kuutafuta ni kazi ya wanawake, wenye kujua miti, majira na njia zake.

Lakini uyoga uliotukuka kuliko wote ni ule wa kichuguu, ambao hauutegemei mti bali humtegemea mchwa. Mchwa hao hawazimalizi kuni kwa tumbo lao wenyewe. Huzitafuna, huzipitisha mwilini kwa haraka, kisha huzijenga chini ya ardhi kuwa masega, na juu ya masega huotesha kuvu inayoulainisha ugumu wa mti, nao hula sega lililokomaa pamoja na vijidonge vyeupe vinavyochipuka juu yake. Kilimo hiki kilianza barani Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Mvua ikishazama ardhini, kuvu husukuma juu shina refu kutoka ndani ya kiota, na ncha ya kofia yake, iliyo ngumu na yenye rangi ya giza, huupasua udongo mgumu. Mchumaji mjuzi hauvuti kwa pupa, maana shina litakatika na sehemu iliyo tamu ibaki ardhini. Huchimbua kwa kijiti kulizunguka, hushika chini kadiri mkono unavyofika, huuzungusha taratibu mpaka mzizi uachie wenyewe, kisha huukwangua udongo pale pale kwa kisu, ili mchanga usiingie katika matamvua, na kuulaza kikapuni kofia ikiwa chini. Mwaka ujao atarudi kwenye kichuguu kile kile.

Zipo aina ndogo, zenye kofia ya sentimita mbili hivi, ambazo hutoka kwa maelfu pale mchwa walipotoa nje vipande vya masega yao. Na ipo iliyo kubwa kupita zote, iliyoelezwa na wataalamu Pegler na Piearce huko Zambia mwaka 1980, ambayo kofia yake hukaribia upana wa mita moja. Heshima ya uyoga haikukoma katika chungu. Katika Buganda upo ukoo wa Butiko, ambao mwiko wake ni uyoga wenyewe, na mkuu wake huitwa Ggunju. Kutoka katika ukoo huo ilitoka ngoma ya amagunju, ambayo mapokeo ya Waganda yasema ilichezwa kumfurahisha Kabaka Mulondo, aliyerithi kiti angali mtoto.

Sayansi ilichelewa kufika. Roger Heim wa Ufaransa aliupa uyoga wa mchwa jina la Termitomyces mwaka 1942, hali umekwisha kuliwa kwa vizazi visivyohesabika. Mwaka 1994 Marja Härkönen wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, walitangaza maelezo ya uyoga mwekundu wa Tanzania, wa kuliwa na wa sumu, na aina mbili zikapata majina ya kitaalamu kutokana na Tanzania na Masasi. Mwaka huo huo Bart Buyck alitoa kitabu chake juu ya uyoga wa kuliwa wa Burundi ya magharibi, na mwaka 2017 kikatoka kingine kikubwa cha Haut-Katanga. Kazi hizo nazithamini, hasa kwa kuwa ndani yake maarifa ya wanavijiji yamehesabiwa kuwa ushahidi.

Nasema ushahidi kwa sababu katika jambo hili kosa huua. Uyoga wenye sumu kali kupita wote waweza kukaa tumboni saa sita mpaka kumi na mbili au zaidi bila ishara. Halafu huja kutapika na kuhara, hufuata nafuu ya uongo, na nyuma ya nafuu hiyo ini linaharibika. Kipimo cha sarafu ya fedha, cha kitunguu, cha punje za mchele au cha kutazama kama wadudu wameula, vyote ni batili. Hapana njia ila kuujua kila mmoja kwa umbo lake, pete ya shina lake, kitako chake kilichofichwa ardhini, harufu yake na mti ulio juu yake, na ujuzi huo binti huupata kwa kufuatana na mama yake au bibi yake miaka mingi kabla hajaruhusiwa kuchuma peke yake.

Sasa miombo inakatwa kwa mashamba, kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku. Uyoga wa kichuguu hustahimili kiasi, maadamu kiota hakijavunjwa. Bali uyoga wa manjano hufa pamoja na mizizi ya mtundu, na bibi aliye katika kijiji kilichozungukwa na tumbaku hana pa kumwonyeshea mjukuu wake tafauti ya mwekundu wa kuliwa na mwekundu wa kuua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji wa Tanzania uwezo wa kutenga hifadhi zao wenyewe. Katika mipango ya hifadhi hizo naomba uyoga uandikwe kwa jina, kando ya mbao na asali, na wanawake wauchumao waketi katika kamati zinazoamua ni mti upi usikatwe.