Mizani kabla ya dawa ya malaria

Mimi ni mtu wa Pwani niliyehamia Nakuru, mji wa baridi ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ambako malaria haisumbui kama kwetu. Lakini watoto wetu wakishuka Kilifi kwa likizo, wengine hurudi nayo. Mpwa wangu alipougua, muuguzi alimpandisha kwenye mizani kwanza. Kilo 14. Akapewa kidonge kimoja cha AL mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Angefika kilo 15, vingekuwa viwili kila mara.

Dada yangu akaniuliza: na mtoto aliyekonda kwa umri wake, dozi hii humtosha?

Utafiti mmoja ni shida kulijibu swali hilo, kwa kuwa watoto waliokonda huwa wachache ndani yake. Kukusanya wastani wa tafiti nyingi pia hakusaidii sana, maana wastani huwameza hao wachache. Ndipo watafiti huomba faili asili: umri, uzito, vidonge alivyomeza na siku vimelea viliporudi, mgonjwa mmoja mmoja, majina yakiwa yameondolewa. Kazi ngumu ni kusawazisha vipimo, kwa sababu kila kituo huandika kivyake. Na kila mgonjwa hubaki na alama ya utafiti alikotoka, ili wa mahali pamoja walinganishwe wao kwa wao kwanza.

Mtandao wa WWARN ulifanya hivyo kwa AL, ukatoa matokeo mwaka 2015: tafiti 61, wagonjwa 14,327. Kwa jumla dawa ilifaulu kwa asilimia 97.6 kufikia siku ya 28. Ukitazama wastani huo peke yake, utalala usingizi. Lakini waliofanikiwa kidogo zaidi walikuwa watoto wadogo wa Asia, na huku Afrika watoto wadogo wenye uzito pungufu.

Ndiyo maana siwalaumu wazazi wa Pwani wanaouliza maswali mengi kabla ya kutia sahihi karatasi ya utafiti. Ulizeni pia kama taarifa za mtoto zitapewa watafiti wengine, na nani atazilinda. Mimi ningekubali.

Mpwa wangu ni mwembamba. Dada alimpa kila dozi na maziwa, kwani dawa hii hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta, kisha akahesabu wiki nne kwenye kalenda ya jikoni. Homa haikurudi.