Jina likitangulia: Aisha, Rasheed na Khadija wanapotafuta kazi ughaibuni

Dada yangu alinipigia simu baada ya Idi akiwa na malalamiko. Mwanawe amemaliza chuo kikuu Uingereza, ana ruhusa ya kufanya kazi kule, na mwaka wa pili unaingia bado anaosha vyombo hotelini. "Zungumza naye, wewe ndiye mjomba wake," akaniambia. "Amezembea yule. Wenziwe wanapata."

Nilimpigia kijana. Hakubishana nami. Alinitumia orodha ya barua zote za maombi ya kazi alizoandika, tarehe kwa tarehe, na zilikuwa zimepita 120. Kisha akaniuliza swali moja: "Mjomba, nikiandika Sal badala ya Swaleh itakuwa vibaya?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki mbili nikasome. Niliyoyapata nayaweka hapa, maana najua si nyumba moja tu ya Mombasa, Malindi au Lamu yenye kijana ng'ambo anayelaumiwa kwa simu kila Ijumaa.

Ugumu wa ubaguzi huu ni kwamba hauonekani. Hakuna mwajiri atakayekuandikia kwamba hakukuita kwa sababu ya jina lako. Atasema nafasi imejazwa, au atanyamaza, na wewe utabaki kujiuliza kama ni vyeti vyako, lugha yako au bahati yako. Ndiyo maana watafiti walibuni njia ya kumtega mwajiri bila yeye kujua. Wanaandika maombi ya watu wasiokuwepo: elimu sawa, uzoefu sawa, umri sawa. Kinachobadilishwa ni jina. Maombi hayo yanatumwa kwa matangazo ya kazi ya kweli, kisha wanahesabu nani aliyeitwa na nani aliyeachwa. Kwa kuwa kila kitu kingine kinalingana, tofauti inayobaki haiwezi kusingiziwa vyeti.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizotangulia katika majaribio ya aina hii. Katika miaka ya 1960, kabla ya mtindo wa barua kushika, walitumwa watu wenyewe: Mwingereza, mhamiaji mzungu, na mtu mweusi, mmoja baada ya mwingine, kuulizia kazi ile ile. Matokeo yalisaidia kusukuma sheria ya mahusiano ya kijamii ya 1968, ambayo ndiyo iliyopiga marufuku ubaguzi wa kazini kwa misingi ya rangi na asili. Sheria ya awali, ya 1965, haikugusa ajira kabisa.

Utafiti uliotajwa zaidi duniani ni wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004 na Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan. Walituma karibu maombi 5,000 kwa matangazo zaidi ya 1,300 katika miji ya Boston na Chicago. Nusu yalibeba majina yanayojulikana kuwa ya wazungu, kama Emily na Greg, na nusu majina yanayojulikana kuwa ya Wamarekani weusi. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma maombi kama 10 ili aitwe mara moja. Mwenye jina la mtu mweusi alihitaji kama 15.

Nilipofika kwenye orodha ya majina yaliyotumika nilisita. Mna Hakim, Jamal, Kareem, Rasheed na Aisha. Ni daftari la madrasa yoyote ya mtaani kwetu. Mna pia mwanamke anayeitwa Kenya, na nilifarijika kidogo kuona huyo hakufanya vibaya sana. Lakini katika wanawake wote, aliyeitwa mara chache zaidi ni Aisha, asilimia 2.2 tu ya maombi yake. Katika wanaume, wa mwisho ni Rasheed, asilimia 3. Idadi ya barua kwa kila jina moja moja ni ndogo, kwa hiyo haifai kujenga nyumba nzima juu ya takwimu hizo mbili. Hata hivyo nimezikumbuka.

Jambo lililoniuma zaidi katika utafiti ule ni jingine. Watafiti waliboresha baadhi ya maombi, wakayaongezea uzoefu na ujuzi. Kwa majina ya wazungu, maombi bora yaliongeza nafasi ya kuitwa kwa karibu asilimia 30. Kwa majina ya weusi nyongeza ilikuwa ndogo mno. Sisi wazazi na wajomba dawa yetu ni moja: soma zaidi, ongeza cheti. Kumbe kuna mlango ambapo cheti cha ziada hakisomwi, kwa sababu macho yameishia kwenye mstari wa kwanza.

Turudi Uingereza alipo mpwa wangu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo cha Nuffield, Oxford, walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha kazi karibu 3,200. Katika kila maombi 100, Waingereza wazungu walipata majibu mazuri 24. Watu wa jamii za wachache, wenye sifa zile zile, walipata 15. Piga hesabu: penye barua 100 za Mwingereza mzungu, kijana wetu anahitaji 160 ili afike pale pale. Hali ilikuwa nzito zaidi kwa wenye asili ya Nigeria, na kwa wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao walihitaji takriban asilimia 80 na 90 ya maombi zaidi. Jina la Mswahili Mwislamu mweusi linaweza kumfanya msomaji wa kule amdhanie mtu kuwa wa hapa au wa pale, na pande zote mbili si pazuri.

Kuna atakayeuliza: ni rangi, ni ugeni, au ni dini? Ufaransa walijaribu kuvitenganisha. Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort waliwabuni wanawake wawili wenye asili ya Senegal na jina moja la ukoo, Diouf. Mmoja ni Marie, na wasifu wake unaonyesha alifanya kazi na shirika la misaada la Kikatoliki. Mwingine ni Khadija, na shirika lake ni la Kiislamu. Asili moja, ukoo mmoja, elimu moja. Marie aliitwa katika asilimia 21 ya maombi, Khadija asilimia 8. Matokeo yalichapishwa 2010. Mtu asituambie tena kwamba tatizo ni lafudhi, kwani karatasi haina lafudhi.

Na kama Khadija amevaa hijabu? Ujerumani ni kawaida kubandika picha kwenye wasifu, na Doris Weichselbaumer aliitumia kawaida hiyo. Alipiga picha za mwanamke yule yule mmoja na kumpa sura tatu. Kwa jina la Sandra Bauer aliitwa kwa asilimia 18.8. Kwa jina la Kituruki, Meryem Öztürk, bila mtandio, asilimia 13.5. Meryem akijifunga mtandio, asilimia 4.2. Yaani binti huyo anahitaji kuandika barua nne na nusu penye barua moja ya Sandra. Wasichana wetu wanaokwenda kusoma kule wanafaa kuijua hesabu hii kabla hawajapanda ndege. Siisemi ili wavue mtandio. Nataka wasije wakaamini kwamba wao ndio wasiofaa.

Kwa mhamiaji aliyefanya kazi nyumbani kwanza kuna mzigo wa pili. Kanada, nchi inayosifiwa kwa kupokea wageni wenye elimu, Philip Oreopoulos alituma maelfu ya maombi mjini Toronto. Waliosoma na kufanya kazi Kanada lakini wana majina ya Kihindi, Kipakistani au Kichina waliitwa mara chache kuliko wenye majina ya Kiingereza. Uzoefu wa kazi ukiwa wa nje, nafasi ilishuka zaidi. Waajiri walipoulizwa walisema wanahofia lugha. Lakini hata maombi yaliyoonyesha wazi kwamba mtu anakijua Kiingereza hayakuiondoa tofauti. Miaka 10 bandarini Kilindini au katika benki ya Digo Road inaweza kusomwa kule kama karatasi tupu.

Basi, kijana aandike Sal? Kusema kweli, kwa hesabu peke yake, kujificha kunafanya kazi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliangalia watu wanaolainisha wasifu wao, wanaobadili jina na kufuta majina ya jumuiya za kikabila au za weusi. Weusi waliojificha hivyo waliitwa kwa asilimia 25, wasiojificha asilimia 10. Kilichonishangaza ni kwamba makampuni yaliyotangaza kwamba yanakaribisha watu wa kila asili hayakuwa na afadhali kuliko mengine. Ni mtego, kwa sababu mwombaji akisoma tangazo lile huvua kinga yake na kuandika jina kamili.

Mimi sikumshauri abadili. Jina alipewa na babake kwa kumkumbuka babu, na siku ya kwanza kazini ataonyesha pasipoti na mambo yatajulikana. Lakini simlaumu anayefupisha, na naomba nasi barazani tusimwite aliyeikana asili yake. Tuliokaa huku hatulipi kodi ya nyumba ya London.

Wako waliotaka serikali iufute mstari wa jina kabisa. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2006 ya kuyataka makampuni ya watu 50 na zaidi yapokee wasifu usio na jina. Kanuni za kuitekeleza hazikutoka. Serikali iliijaribu njia hiyo kwanza, na matokeo yakaja kinyume: wenye asili ya kigeni waliitwa mara chache zaidi jina lilipofichwa. Sababu moja ni kwamba makampuni yaliyojitolea kwa jaribio ndiyo yaliyokuwa tayari na nia njema. Pia, mwajiri asipojua kwamba mwombaji ametoka katika mtaa mgumu au ni mgeni, pengo katika kazi zake analiona uvivu tu.

Lililonipa tumaini lilitoka Ujerumani tena. Leo Kaas na Christian Manger waliwaombea nafasi za mafunzo ya kazini wanafunzi wa kubuni wenye majina ya Kijerumani na ya Kituruki. Wa majina ya Kituruki waliitwa pungufu kwa asilimia 14. Lakini maombi yalipoambatana na barua za mapendekezo kutoka kwa waajiri wa zamani, zinazosifu tabia na bidii ya mtu, tofauti ilipotea. Mwajiri anayeogopa asichokijua hutulia akisikia neno la mtu aliyefanya naye kazi. Sisi wa pwani tunakwenda kuposa na watu wa kutusemea, tukifika kwenye kazi tunatuma karatasi peke yake.

Funzo jingine ni la Marekani, la jaribio kubwa lililotuma maombi kama 83,000 kwa makampuni makubwa 108. Ubaguzi haukuenea sawasawa. Sehemu kubwa ilitoka katika kundi dogo la makampuni, na yale ambayo ofisi moja ya makao makuu ndiyo inayosimamia uajiri yalikuwa na afadhali kuliko yale yanayomwachia kila meneja aamue lake. Mtafuta kazi mwenye jina kama letu ana sababu ya kuanzia kwenye mashirika makubwa yenye utaratibu mmoja.

Sheria ipo. Uingereza, ile ya usawa ya 2010 inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Kwetu Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kubagua kwa misingi ya rangi, dini, lugha, uraia, kabila au asili, na kinamtaka mwajiri aliyeshtakiwa ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Katiba katika kipengele cha 27 inaongeza hata mavazi. Shida ni kwamba Khadija wa kweli, peke yake na barua yake moja, hana Marie wa kujilinganisha naye.

Na tusijione tuko salama huku. Nani asiyeulizwa "jina la tatu ni lipi?" katika chumba cha mahojiano? Ali Omar Said ni majina matatu kamili, na bado mtu atakutazama akingojea la nne litakalomwambia kabila lako. Wamakonde walioletwa kufanya kazi mashambani walikaa vizazi bila kitambulisho, wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikizwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Bila kitambulisho hakuna ajira rasmi, na tukumbuke sisi majirani zao tuliwaajiri kwa malipo ya chini kwa sababu tulijua hawana pa kwenda kushtaki.

Nilimpigia dada yangu nikamsomea hesabu ile ya 100 na 160. Alinyamaza, kisha akauliza kama mtoto anakula vizuri. Kijana anaendelea kuandika Swaleh. Barua moja ya mapendekezo ameshaipata kutoka kwa meneja wa hoteli anakoosha vyombo. Ya pili anaitaka kwa mwajiri wake wa zamani wa hapa Mombasa, ambaye hajibu ujumbe wa simu, na nimeahidi kumfuata ofisini Jumatatu asubuhi.