Uzi wa bibi, kitana cha moto na brashi ya umeme

1/6
Naulizwa sana kuhusu zile brashi za umeme zinazokausha nywele na kuzinyoosha kwa pamoja. Wengi wanaouliza ni mama wenye mabinti waliomaliza kidato cha nne. Miaka yote shule ilitaka kipara, sasa nywele zinaota na binti anataka zinyooke. Mimi ni muuguzi, si msusi, kwa hiyo nitaanza na historia ndipo nifike dukani.

2/6 KABLA YA MOTO
Pwani yetu hii, kuanzia Bunju, Kerege na Zinga mpaka Bagamoyo mjini, bibi zetu walitunza nywele kwa mafuta ya nazi, chanuo la mti na mikono ya mtu wanayemwamini. Ukitaka zinyooke unasukwa uzi. Fungu la nywele linazungushiwa uzi mweusi toka shinani hadi nchani, unalala nazo, ukifumua zimerefuka. Hakuna moto, hakuna dawa. Unywele ukikauka huku umevutwa, unabaki na umbo hilo mpaka upate maji tena. Shikeni hilo, maana brashi ya umeme inafanya kazi ileile, ila kwa haraka.

3/6 MOTO UNAINGIA
Huko Paris, miaka ya 1870, msusi Marcel Grateau alianza kutengeneza mawimbi ya nywele kwa koleo la chuma lililopashwa motoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 kitana cha chuma kikaenea kwa wanawake weusi wa Marekani. Utasikia kwamba Madam C. J. Walker ndiye aliyekibuni. Si kweli, vilikuwepo kabla yake. Yeye aliuza mafuta ya nywele na kufundisha mawakala wake, na kitana kilikuwa sehemu ya mafunzo hayo.

Kwetu kikawekwa juu ya jiko la mkaa, na kazi yenyewe tukaiita kuchoma nywele. Jina halikuficha kitu. Mkaa hauna kipimo cha joto, hivyo msusi anakigusisha kwanza kwenye karatasi au kitambaa. Kikiunguza, anasubiri. Akikosea, alama inabaki kwenye sikio au pajini.

4/6 MWAKA 1968
Mwaka huo yalitokea mambo mawili. Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, marufuku vimini, mawigi, nguo za kubana na krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa utamaduni wetu, na mjini watu walibishana kwelikweli.

Mwaka huohuo, madaktari Marekani waliandika kuhusu wanawake weusi waliopoteza nywele katikati ya kichwa, ngozi ikabaki na kovu. Walilaumu kitana cha moto. Baadaye ikaonekana kwamba wako wanaopata ugonjwa huo bila kukitumia, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wana kasoro kwenye jeni. Kwa hiyo mama na binti wanaweza kutumia kifaa kimoja, mmoja akaumia na mwingine asiumie.

Tazama sasa. Mabishano ya mtaani yalihusu nani kaiga Wazungu. Ngozi ya kichwa haikuulizwa. Mpaka leo tunabishana vilevile.

5/6 DAWA
Ikaja dawa ya kunyoosha. Nyingi zina kemikali kali, nyingine ni ileile kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ndiyo maana ikikaa muda inaunguza. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani: wanawake waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kufikia miaka 70, ni kama wanawake 4 kwa kila 100, dhidi ya chini ya 2. Hiyo peke yake haithibitishi kuwa dawa ndiyo chanzo, lakini mimi binti yangu nisingemuanzishia.

6/6 SASA BRASHI
Draya za mkononi zipo tangu miaka ya 1920. Hii ni draya na brashi vimeunganishwa. Ukienda kununua:

• Soma volti. Umeme wetu ni 230. Ya kutoka Marekani ni 120, hata kama ni zawadi ya shangazi. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua.
• Iwe na joto la ngazi mbili au tatu, na upepo wa baridi.
• Ya wati 1,000 kwa dakika 20 inakula theluthi moja ya uniti ya LUKU. Si mzigo.

Kutumia: usipitishe kwenye nywele zinazochuruzika. Maji yakichemka ndani ya unywele yanaacha mapovu, unakatika. Futa kwa taulo, acha zikauke zaidi ya nusu, chanua kuanzia nchani, gawa mafungu, tumia joto la kati. Kwa nywele ngumu, suka uzi usiku bila kukaza, asubuhi brashi inamalizia kwa dakika chache. Mara moja kwa wiki inatosha.

Na sisi tunaokaa na upepo wa bahari, nywele zitajikunja tena jioni. Brashi haina ubovu, ni unyevu wa hewa. Usirudie moto kesho yake, funga kitambaa ulale.

Ukiona katikati ya kichwa panawasha, panauma au nywele zinapungua, nenda hospitali mapema. Nywele iliyokatika inaota tena. Penye kovu haioti.

Mwenye bibi anayejua kusuka uzi, mpelekee binti akajifunze angali yupo.